Fundi Anajibu: Tenki Limejaa Tope, Nilioshe au Niweke Lingine?

Mwezi huu maswali ya tenki la mafuta yamekuja mengi, sijui ni mvua au ni magari yetu tu yamezeeka, kwahiyo ukurasa wote tunaumalizia huko huko. Wa breki na gia mtusubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi kijana wako nina Hiace ya dizeli, ile ya zamani injini 3L, nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni napeleka Iringa mjini. Shida yangu ni Kitonga. Tambarare gari inaenda vizuri tu ila nikianza kupanda, katikati ya mlima inakosa nguvu, inavuta inaachia inavuta inaachia alafu inazima kabisa na malori nyuma yangu yanapiga honi. Nikikaa kama robo saa naiwasha inawaka kama hamna kilichotokea. Filta nimebadilisha mpaka nimechoka na kila ikifunguliwa inamwaga maji ya kahawia. Fundi wangu anasema pampu imekwisha tuitoe ikafunguliwe, dereva mwenzangu ananambia nimwagie mafuta ya taa lita tano tenki litajisafisha lenyewe. Mfuniko wa tenki ulipotea muda kidogo, natumia tambara na mfuko wa nailoni kwa juu. Naomba msaada. (Mbeba vitunguu, Iringa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, Kitonga siyo sehemu ya kuzimikiwa na gari ukiwa na mzigo.

Mwambie fundi wako pampu asiiguse kwanza. Najua pampu iliyochoka nayo inaweza kugoma ikiwa ya moto ikakubali ikipoa, lakini pampu ya namna hiyo ingekusumbua kuwasha hata ukisimama kupakia, na haiwezi kukuletea maji ya kahawia kwenye filta. Kuzima mlimani na kuwaka ukishapumzika ni dalili ya tenki chafu toka enzi. Ndani ya tenki kuna bomba la kunyonyea linashuka mpaka karibu na chini, mdomoni lina chujio, sasa ukipanda mlima injini inadai dizeli nyingi, mvuto unakuwa mkubwa, takataka zilizolala chini zinanyanyuka zinakuja kubana pale kwenye chujio, yaani ni kama unakunywa juisi ya ukwaju kwa mrija alafu kokwa likakaa mdomoni mwa mrija. Injini ikizima mvuto unaisha, uchafu unadondoka wenyewe, unawasha unaondoka mpaka mlima mwingine. Na hizi 3L hazina pampu ya umeme ndani ya tenki ya kusukuma, pampu ya mbele ndo inavuta yenyewe mafuta kutoka huko nyuma, kwahiyo kizuizi kidogo tu au hozi moja inayovuta upepo inatosha kukusimamisha.

Lakini usiniamini mimi wala usimwamini fundi wako, pima. Tafuta dumu safi la lita 20, weka dizeli safi, lifunge vizuri lisirukeruke, alafu chomoa hozi inayoleta mafuta kwenye filta uunganishe hozi mpya ishuke ndani ya dumu, na ile ya kurudisha mafuta nayo uilete humo humo kwenye dumu. Toa upepo kwenye njia ya mafuta, washa, panda nayo mlima ukiwa na mzigo kama kawaida. Ikipanda bila kulalamika basi pampu yako ni nzima na ugonjwa uko nyuma ya filta, kuelekea kwenye tenki. Ikizima vile vile, hapo sawa, mpe fundi wako pampu. Kipimo hiki hakina gharama kubwa na kimeokoa pampu nyingi sana zisifunguliwe bure, na pampu ikishafunguliwa na mtu asiye na mashine ya kuipimia mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Angalizo, hii ni kwa dizeli tu, mwenye petroli asithubutu kuweka dumu ndani ya gari.

Mafuta ya taa achana nayo. Pampu ya hizi injini inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili nyingine, na mafuta ya taa ni mepesi hayalainishi, unakuwa unasaga vyuma kwa vyuma. Alafu hata hayasafishi chochote, yanatibua tu tope lililotulia yanalituma mbele. Watu wa Tanzania mtakumbuka mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka bei ikasogea karibu na ya dizeli, na sababu ilikuwa ni watu kuchakachua hivyo hivyo, magari yaliharibika sana kipindi kile.

Sasa kitu kilichonisimamisha kwenye barua yako siyo Kitonga, ni lile tambara. Umeliandika mwishoni kama kitu kidogo lakini hapo ndo ugonjwa ulipoingilia. Vumbi lote la barabarani linapita, ukiosha gari maji yanapita, mvua ikinyesha nailoni inakusanya maji inayamwagia ndani, na nyuzi za tambara lenyewe zinadondoka humo. Maji ni mazito kuliko dizeli kwahiyo yanalala chini kabisa, pale pale bomba linaponyonyea, yanaanza kula bati. Na mpakani kati ya maji na dizeli vinaota vijidudu, vinatengeneza ute mweusi unaoteleza, huo ukiuona kwenye filta ujue maji yamekaa humo muda mrefu. Nunua mfuniko leo kabla hujafanya kitu kingine chochote, na uwe wa gari lako kweli, mana mfuniko una kijitundu cha kupumulia, ukiweka wowote uliobana bila pumzi tenki linavuta utupu na gari inazima tena kwa sababu nyingine kabisa, utanitukana.

Kulishusha tenki siyo kazi ya kutisha ila inataka utulivu. Tumia mafuta yaishe karibu yote kwanza, lita 60 za dizeli ni kama kilo 50, hutaki zikuangukie kifuani. Siku moja kabla pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye bolti za mikanda, kwenye klempu zote na kwenye plagi ya chini ya kumwagia. Paki sehemu tambarare na ngumu, kaba matairi, pandisha gari kwa jeki alafu weka stendi, siyo mawe wala tofali, tofali linapasuka bila taarifa. Toa waya wa hasi (nego) wa betri. Fungua mdomo wa kujazia ili tenki lipumue, weka beseni, fungua plagi ya chini umwage kilichobaki, na hapo angalia kinachotoka mana ndo vipimo vyenyewe: unga wa kahawia ni kutu, ute mweusi ni vijidudu, mchanga ni tambara lako.

Hozi ziwekee alama kabla ya kuchomoa, rangi ya kucha inafaa sana kuliko chaki. Ya kuvuta mafuta kwa kawaida ni nene kuliko ya kurudisha, ukizigeuza utatafuta ugonjwa wiki nzima. Hozi iliyogandia usiivute kwa koleo, lile bomba la chuma linalotokea kwenye tenki limeshaliwa na kutu litakatikia mkononi, ichane kwa kisu kwa urefu tu, si unaibadilisha. Chomoa na hozi kubwa ya kujazia na ile ndogo ya pumzi inayoongozana nayo. Alafu weka jeki chini ya tenki na ubao mpana katikati, legeza bolti za mikanda, mara nyingi spana namba 12 au 14, na hapa ndo watu wengi wanaharibu: usilishushe moja kwa moja. Lishushe kidogo tu mkono upite, ingiza mkono juu uchomoe waya wa geji na hozi zozote zilizobaki huko, ndo ulimalizie. Waya wa geji ukikatika juu kule unaanza kesi nyingine, msome msomaji wa Mwanza chini.

Likiwa chini toa ile kitu ya geji (yenye floti, yaani boya, inayopima mafuta ndani ya tenki), mulika ndani kwa tochi. Angalia ukuta wa juu, siyo chini, chini kila mtu ana uchafu. Kama dari la tenki limeota kutu inayobanduka maganda, usipoteze muda kuosha, utaosha leo na mwezi ujao maganda mengine yatadondoka. Kwa uliyonieleza, maji ya kahawia kila filta, mimi ningebadilisha.

Lingine utapata wapi? Mtumba kwenye spea za Gerezani pale Dar, au hapo hapo Iringa ukiulizia, Hiace za umbo hilo la 1989 mpaka 2004 zilikuja nyingi sana spea hazijaisha. Beba ile kitu yako ya geji uende nayo upime kwenye tundu, mana tenki la petroli na la dizeli yanafanana kwa macho ila matundu na mabomba siyo yale yale, na bodi fupi na ndefu nazo zinaweza kutofautiana. Mulika ndani, ligonge kwa vidole kona zote za chini, palipoliwa na kutu mlio unabadilika. Ukiambiwa kuna mtu anachonga tenki jipya, sawa, wapo wanaojua, ila muulize anatumia bati gani. Bati lililopakwa zinki kama la kuezekea, hapana kabisa kwa dizeli. Zinki inachanganyika na tindikali ndogo ndogo zilizomo kwenye dizeli inakuwa kitu kama sabuni inayonata, inaenda kuziba filta na midomo ya nozeli (zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini), na utashangaa tenki jipya gari mbovu. Achonge kwa bati jeusi, aweke na kuta za ndani za kuzuia mafuta yasicheze, bila hizo kila ukikata kona mafuta yanakimbilia upande mmoja bomba linavuta hewa.

Na hiki ndo ninachotaka wote mkishike, tenki jipya likifungwa kwenye mabomba machafu umebadilisha bati tu. Kabla ya kulipandisha chomoa bomba la mafuta kule mbele kwenye filta, pulizia kompresa kutokea mbele kwenda nyuma, usipulizie kuelekea kwenye pampu hata siku moja, fanya hivyo na kwenye bomba la kurudishia, utaona kinachotoka. Hozi zote za mpira weka mpya, hozi ya mafuta, siyo ule mpira wa maji unaoonyesha ndani, dizeli inaulainisha unabonyea unavuta upepo. Zile rabara zinazokaa kati ya mkanda na tenki weka mpya pia, zikikosekana chuma kinasuguana na chuma na maji yanakaa pale pale, ndo maana tenki nyingi zinatoboka kwenye mstari wa mkanda.

Ukishafunga weka filta mpya, piga kwa mkono ile pampu ndogo ya juu ya filta mpaka iwe ngumu, legeza nati za mabomba ya nozeli kule kwenye nozeli zenyewe, piga stata kwa vipande vifupi vifupi mpaka povu liishe itoke dizeli tupu, kaza moja moja. Usiweke kidole mbele ya nozeli au bomba linalorusha, ule mgandamizo unapenya ngozi na hilo ni la hospitali. Tembea nayo kama wiki mbili alafu badilisha filta tena hata kama inaonekana nzuri. Baada ya hapo zoea kufungua ile skrubu ya chini ya filta umwage maji, usisubiri taa ya dashibodi, kwenye magari haya ile taa mara nyingi ilishakufa au kuna mtu aliitoa waya isimsumbue.

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko Mombasa, nina matatu ya petroli, tanki imetoboka kwa chini inadondosha. Makanika amesema ataitoa, atamwaga mafuta yote, ataianika kwa jua siku nzima halafu achomelee, ati petroli ikishaisha hakuna hatari. Mwingine ananiambia nipake sabuni na gundi ya chuma niendelee na kazi. Gari lazima irudi barabarani wikendi hii. (Mwenye matatu, Mombasa)

JIBU: Salama ndugu yangu. La makanika wako hapana, na nakuomba umwambie leo leo kabla hajawasha mashine.

Kinacholipuka siyo petroli ya maji maji, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke huo unawaka ukiwa kama asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa iliyomo, ukizidi sana hauwaki na ukipungua sana hauwaki. Sasa tanki iliyojaa mara nyingi mvuke umezidi, ila ile iliyomwagwa ikaanikwa juani ndo inaangukia katikati kabisa ya kipimo hicho, yaani makanika wako anaitayarisha tanki ilipuke vizuri bila yeye kujua. Na kuanika hakumalizi, petroli imejificha kwenye mikunjo ya bati na ndani ya kutu, joto la moto likifika inatoka upya. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Mombasa. Hata tanki ya dizeli msiichomelee hivyo, dizeli ikiwa baridi ni mpole lakini moto wa gesi unaigeuza mvuke pale pale. Wanaofanya kazi hii kihalali wanaosha kwa mvuke wa maji moto, wanajaza gesi isiyowaka na wanapima kwa kifaa kabla ya kugusa. Kama makanika hana kifaa, hana kazi hiyo.

Halafu hebu fikiria hata akifanikiwa. Hewa ya chumvi hapo pwani haili sehemu moja, tundu moja maana yake bati lote la kuzunguka pale limebaki jembamba kama karatasi, akiziba hapa patafunguka pale. Tafuta nyingine, ukikosa Mombasa mtu akuulizie Kirinyaga Road kule Nairobi.

Sabuni, ile ya mche ya kufulia, kweli inaziba tundu dogo mana petroli haiiyeyushi, ila ni ya kukutoa barabarani kukufikisha gereji, siyo ya kubebea abiria 14. Gundi vile vile. Wikendi moja bila kazi inauma, najua, lakini petroli inadondoka karibu na ekzosi na watu wamekaa juu yake.

Kuishusha ni kama nilivyomwambia kijana wa Iringa, nyongeza ni hizi. Fanyia nje uwanjani, usiingize gari kwenye shimo la gereji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unajaa chini kwenye shimo na wewe umo. Simu weka mbali, sigara usiseme, taa ya kuchomeka ukutani usitumie, mtungi wa kuzima moto wa unga uwe karibu kabisa. Na yeyote asinyonye petroli kwa mdomo kwenye mpira, tabia hii mafundi wetu wanaijivunia sijui kwanini, ikiteremka kwenye mapafu inaweza kuua. Mtu akimeza usimtapishe, mpeleke hospitali.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa shule ndogo ya chekechea Arusha, nimenunua Hiace ya petroli iliyokuwa imepaki kwenye uwanja wa mtu miaka kadhaa, nataka iwe gari ya watoto. Ikiwashwa inawaka dakika moja inakufa, na ukifungua tenki linanuka kama rangi ya mbao. Fundi mmoja anataka kulibadilisha, mwingine anasema linaoshwa. Nimsikilize nani? (Mwalimu, Arusha)

JIBU: Dada yangu hongera kwa shule. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea wakilishusha wanakuta nini, kwahiyo asikuuzie mtu tenki kabla halijafunguliwa ukaliona mwenyewe.

Hiyo harufu ya rangi ni petroli iliyozeeka. Sehemu nyepesi inakimbia na hewa, inayobaki inaganda inakuwa kama vanishi, inaziba chujio, inang'ang'ania pampu ya umeme kama gari yako inayo ndani ya tenki na inaenda mpaka kwenye nozeli. Usimruhusu mtu aongezee petroli mpya juu yake eti itachanganyika, inayeyusha ile vanishi nusu nusu inaipeleka mbele. Imwagwe yote, na isimwagwe mtaroni tafadhali, hiyo inafika kwenye maji ya watu.

Kama gari yako ni ya pampu ya umeme, kabla ya kufungua bomba lolote watoe fyuzi ya pampu wapige stata mara chache presha iishe, la sivyo petroli inamrukia mtu machoni. Likishashuka na vyote vimetolewa ndani, wakikuta vanishi na kutu ya unga tu, linaoshwa. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, wanaweka ndani kipande cha mnyororo au bolti za kutosha, wanalitikisa kila upande, wanamwaga, wanarudia mpaka maji yatoke meupe, na bolti zihesabiwe zikiingia na zikitoka, tusicheke, zinasahaulika. Kutu iliyobaki jaza siki, au maji yenye ndimu ya unga ile ya dukani, lilale usiku mzima. Wakimwaga lisuuzwe na maji yenye magadi kidogo kuua ile tindikali, alafu maji safi. Kukausha ndo sehemu ya haraka, bati lililooshwa na tindikali linaanza kutu upya ndani ya masaa, kwahiyo kompresa, jua kali, mpaka mikunjo yote iwe mikavu, kisha wazungushe petroli kidogo ndani wamwage. Moto wa aina yoyote kulikaushia, hapana, rudia kusoma jibu la Mombasa.

Kuna rangi maalumu za kupaka ndani ya tenki, watakushawishi. Mimi sizipendi kwa kazi hii. Zikishika vizuri ni nzuri, lakini zinataka bati safi kabisa na kavu kabisa, na kwenye gereji za kawaida hilo halifikiwi, baada ya muda inabanduka maganda makubwa kuliko ya kutu. Kama bati limechoka kiasi cha kuhitaji rangi, badilisha.

Chujio la pampu liwe jipya hata wakikuambia limeoshwa, pampu yenyewe ipimwe kabla hawajafunika, nozeli zipelekwe kwa mwenye mashine ya kuzisafishia. Na kwa sababu ni watoto, kuna kitu kimoja nataka usimamie mwenyewe bila kumwachia fundi: ile hozi kubwa ya kujazia na hozi ya pumzi inayoenda nayo. Kwenye gari iliyopaki muda mrefu zinakauka zinapasuka mipasuko midogo isiyoonekana, na ukijaza full tank ndo zinavuja. Wakishafunga jaza mpaka juu, zungusha gari mtaani, funga madirisha yote ukae ndani peke yako. Ukisikia harufu ya petroli hata kidogo gari irudi gereji, watoto wasipande.

SWALI: Fundi mambo. Nimebadilisha tenki la Hiace hapa Mwanza, kazi safi gari inapiga mzigo, ila mshale wa mafuta umeganda full toka siku ile, hata taa ikitaka kuwaka mshale uko juu. Geji ya dashibodi imekufa? (Dereva, Mwanza)

JIBU: Poa kabisa. Dashibodi usifungue. Kwenye Toyota nyingi za zamani ile kitu ya tenki inatoa ukinzani mdogo likiwa limejaa, kama omu 3, na mkubwa likiwa tupu, kama omu 110. Kwahiyo waya wake ukigusa bodi mshale unapanda full ukakaa huko, na waya ukikatika mshale unalala chini kabisa. Wako uko juu, maana yake kuna sehemu waya umechubuka unagusa chuma, na kwa kuwa imeanza siku ya kubadilisha tenki nakubashiria umebanwa kati ya tenki na sakafu ya gari au chini ya mkanda. Chomoa soketi ya waya juu ya tenki washa swichi uangalie. Mshale ukibaki full, waya ndo mbovu, ufuate mpaka uone palipobanwa. Mshale ukishuka, waya ni mzima na tatizo ni ile kitu yenyewe, labda uliyonunua ni ya gari nyingine au floti imekwama kwenye ukuta wa ndani wa tenki, itoe uipime kwa mita ukiipandisha na kuishusha kwa mkono.

Ukiitoa, gasketi yake weka mpya ya kuhimili mafuta, usipake silikoni ya kawaida ya dirishani, petroli na dizeli zinaitafuna inavimba inabanduka vipande vinaingia humo humo kwenye tenki ulilotoka kulisafisha. Na kwa sasa, mpaka utengeneze, jaza kwa kilomita, usiendeshe kwa kubahatisha mpaka taa iwake, tenki likiwa karibu tupu muda wote kila kilichomo chini kinavutwa.